Salamu Niliyoitikia Pipani

Juzi, hapa Nkoma, mjukuu wangu Kisakye alijificha mwalimu wake alipokuja, nikamkumbuka Jaja Nambozo, bibi wa wajukuu saba. Kazi yake shuleni ilikuwa kuwafuata watoto watoro mpaka majumbani, kwa miguu, jua au mvua. Mimi, mtoto wakati huo, nilidhani anawapeleka jela.

Alasiri aliponifuata mimi nyumbani, niliingia ndani ya pipa la mahindi lililonuka panya. Mama akaapa sipo. Jaja hakubisha. Aliketi, akaita taratibu, "Nanzala, umeshindaje?"

Kwetu salamu ya mkubwa haiachwi bila jibu. "Nimeshinda vizuri, jaja," nikaitikia humo humo pipani.

Mama akajifunika uso kwa leso. Nilitoka, nikapiga magoti, nikauliza kama jela kuna blanketi.

"Ya jela siyajui," akasema, "ila shuleni kuna uji."

Nikamtangulia njiani.