Vipele Vilipofika Chumbani Kwetu

Mwaka wangu wa pili chuoni, Masisi, nilikaa chumba kimoja na msichana ambaye wazazi wake walitoka Butembo wakafungua duka Mushaki. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Nyabiondo. Sote wawili tulisomea ualimu, na tulielewana hata kwenye mambo madogo, kama nani apike sombe na nani aoshe sufuria.

Ugonjwa wa vipele ulipoanza kutajwa, habari zake zilitujia kwa simu. Rezo, yaani mtandao wa simu, ilikamata vizuri nyuma ya kanisa, kwa hiyo jioni wanafunzi walijaa pale wakisikiliza sauti zilizotumwa kwenye vikundi. Moja ilipendwa kuliko zote. Mwanaume tusiyemjua alieleza kwa upole kwamba mgonjwa aoge maji ya chumvi na asiende hospitalini, maana huko watu hawatoki. Aliongea Kiswahili chetu kama mjomba wa mtu. Mlangoni mwa chuo kulikuwa na afishi, bango la Kifaransa kuhusu ugonjwa huo, lakini tuliipita tukitazama picha tu.

Asubuhi moja mwenzangu aliamka na homa, akanionyesha kiganja chake. Kilikuwa na vipele vilivyojaa maji. Tayari alikuwa ametia chumvi kwenye beseni. Nilimwomba kwanza tukasome ile afishi. Tuliisoma yote, neno kwa neno, kisha akaniuliza kama huko kugusana kulikoandikwa ni pamoja na taulo letu moja. Kifaransa nilikielewa, ila jibu la taulo sikulipata.

"Dada, twende tuulize," akasema. "Maji ya chumvi itatungojea."

Kwenye kituo cha afya tulipokelewa na muuguzi, mama wa makamo, akatukalisha mbalimbali kwenye benchi la nje. Nilimuuliza kila kitu: taulo, blanketi, sahani, hata yule mwanaume wa kwenye simu. Alijibu bila haraka. Ugonjwa unapita ngozi kwa ngozi, na kwa nguo na matandiko ya mgonjwa, chumvi haiuponyi, mgonjwa hukaa pembeni mpaka magamba yaanguke na ngozi mpya itoke, kisha anarudi nyumbani. Mimi nijiangalie, na nikipata homa nirudi haraka. Mwenzangu akauliza kama usoni kutabaki alama.

"Hiyo sijui, mama," muuguzi akasema. "Tutaiona pamoja."

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Yule mwanaume wa kwenye simu hakuwahi kukosa jibu.

Mwenzangu akapewa chumba cha pembeni. Nilifua na kuanika kila kitu kama nilivyoelekezwa, na kila mchana nilimpelekea bugari, yaani ugali, nikaiacha mezani chini ya dirisha, tukazungumza nikiwa nimesimama mbali kidogo. Homa ilipopungua nilimwambia kwamba darasani wanasema amekufa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachukua simu yake, akajirekodi:

"Njo mimi, ule mwenye munasema alikufa. Niko muzima, niko nakula bugari. Vipele inauma, sitawadanganya, lakini iko inakauka. Muntu akiona vipele, asijifiche, na asioge maji ya chumvi. Akuje huku aulize."

Alinirushia sauti hiyo, nami nikaituma kwenye vikundi nikiwa nyuma ya kanisa. Ikafika Kalembe, ikafika Mushaki. Mama yake alikuwa amekwisha kumsikia yule mwanaume mpole na kupanga kuja kumtoa binti yake kituoni. Dereva wa pikipiki aliyesimama dukani kwao kununua sabuni ndiye aliyemsikilizisha mama huyo sauti ya binti yake. Mama alikuja kweli, lakini alileta jibini na viazi, akakaa chini ya dirisha, akamuuliza muuguzi maswali mengi kuliko mimi.

Wanafunzi nao wakaanza kwenda kuuliza, wawili watatu kila siku, hadi muuguzi akaomba chuo kimpe saa moja darasani. Siku hiyo nilikosa pa kukaa.

Mimi sikuugua. Magamba ya mwenzangu yalianguka yote, akabaki na alama ndogo karibu na kidevu. Mama yake alikuja kumchukua akapumzike Mushaki, nami nikaalikwa. Tulikula viazi vya moto na jibini tukiwa tumekaa juu ya majani, ng'ombe wakila nyasi mteremkoni, na mama yule akaomba asikilize tena sauti ya binti yake, ingawa binti mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, mdomo umejaa viazi.