Fundi Bati Aliyegeuziwa Kiti

Saa mbili asubuhi, karakana imekwisha changamka. Bati limelazwa juu ya kipande cha reli, mwanamume mmoja amelishika ukingo, na mbele yake mwanamke wa makamo ameinua nyundo. Mwandishi wa makala haya anamwita kutoka mlangoni mara tatu, mpaka mafundi wanaangua kicheko.

"Huyo haitwi, anafuatwa," anasema mmoja wao.

Wanamwita Bi Nyundo. Ametengeneza masanduku na ndoo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kelele za bati zimemla masikio.

"Enzi zetu, kuziba masikio kazini tuliona ni kudeka," anasema kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo wengi wasiojisikia. "Niangalie usoni ukiongea. Na usinipigie makelele, siko ng'ambo ya mto!"

Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege, filimbi, watoto. Mjukuu wake ana miaka minne. Zamani alikuwa akiita "Bibi!" nyumba nzima. Siku hizi ameacha.

"Anamvuta gauni tu," anasema binti wa fundi huyo. "Keshajua kumwita ni kazi bure."

Hilo ndilo lililomkata maini Bi Nyundo. Aliposoma tangazo kwamba hospitali inatafuta watu wa kujaribiwa dawa ya masikio, alifika na aproni yake ya kazi.

Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vinavyopokea sauti. Kelele zikiviua, haviamki. Watafiti wanajaribu dawa ya kuviotesha upya, inayodungwa sikioni. Nusu ya wanaojaribiwa wanapata dawa, nusu wanapata maji ya chumvi, na hakuna anayeambiwa yake ni ipi.

Baada ya sindano ya pili alipimwa, akitazamana na mpimaji kupitia kioo. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe. Alibonyeza kweli kweli! Mpimaji akatoka anacheka: sauti nyembamba zimerudi.

Nyumbani ilikuwa vigelegele. Kisha mjukuu akasimamishwa nyuma ya mlango, aite. Akaita. Akaita tena. Bibi yake akaendelea kukunja nguo.

"Nilipogeuka nikawaona wote wameduwaa, binti yangu machozi yanamtoka," anasema. "Ndipo nikajua nimeitwa."

Jibu alilipata kesho yake kazini. Mafundi wawili wakigonga bati moja hupokezana, na yeye, kwa kuwa hasikii, hutazama bega la mwenzake: likishuka, ni zamu yake. Nyundo ikiwa bado hewani, akakumbuka kwamba yule mpimaji naye, kila alipotuma mlio, bega lake lilicheza.

"Masikio hayakusikia kitu. Macho ndiyo yaliyobonyeza," anasema. "Haki ya Mungu, sikukusudia."

Wenzake walimsihi anyamaze. Akisema atatolewa, na bado ana sindano moja.

"Mficha uchi hazai," akawajibu. "Wakiamini nimepona, watawapa watu dawa kwa ushahidi wangu wa uongo. Bibi wangapi wataitwa bure?"

Akaenda kusema.

"Niliumia, sifichi," anasema daktari anayeongoza utafiti huo. "Matokeo yale tuliyapenda mno. Lakini kosa lilikuwa letu. Mtu hapimwi akitazamana na anayempima."

Matokeo yakafutwa, kiti kikageuziwa ukutani, na Bi Nyundo akabakizwa.

Leo amerudi kupimwa. Ameketi amekipa mgongo kile kioo, kidole juu ya kitufe. Milio mizito anaibonyeza. Inapofika ile myembamba, kidole kinatulia. Uso wake umekaza, mshipa umemsimama shingoni, lakini kidole hakisogei.

Mpimaji anaingia, anamzunguka ili waonane.

"Mama, ile myembamba hujabonyeza hata mmoja."

"Kwa sababu sijasikia hata mmoja, mwanangu. Sindano ya mwisho lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu nipo. Isipofaa, mkileta nyingine niiteni. Na siku nikibonyeza, wewe usishangilie." Anavua vipokea sauti vya masikioni, anachukua aproni yake. "Mlete mjukuu wangu, msimamishe nyuma ya mlango, mwambie aniite."