Inzi wa Muuza Tofu

Katika soko letu la Kediri, muuza tofu ndiye pekee anayekaribisha inzi. Wenzake huwafukuza kwa vitambaa. Yeye huacha mikono yake, iliyokunjamana kwa maji ya soya, ilale mapajani, na kuwafuata inzi kwa macho kama anayesikiliza wimbo wa mbali. Tofu iliyotiwa dawa ya kuhifadhia maiti hukaa siku nne ikiwa bado ngumu, bila kuchacha, ila inzi hawaigusi. Kila mnunuzi hapa analijua hilo.

Jumanne moja jirani alichoma ubani, inzi wote wakatoweka. Mama Wartini akainamia beseni, akaguna. "Dada, wageni wako wako wapi leo? Au na wewe umeanza?"

"Rudi saa kumi, mama," akajibu kwa sauti yake ya usingizi.

Wateja wakampita kutwa nzima, naye hakuita hata mmoja. Saa kumi Mama Wartini akarudi kweli. Muuza tofu akafunua beseni lililojaa vilevile. Harufu ya uchachu ikatupanda puani sote.

"Nusa, mama," akasema, akitabasamu kama bibi harusi. "Yote imeharibika."