Kaburi la Mfalme Katika Shamba la Mihogo

Kiwanda cha shaba kilipokufa, mimi mpimaji wa migodi nilibaki na cheo tu. Kwa hiyo profesa mmoja mwanamke alipofika mjini kwetu Likasi na rada ya kutazama chini ya ardhi, akitafuta mahali wazee wa kale walipoyeyushia shaba, nilimwambia mashine hiyo naijua vizuri. Uongo. Nilikuwa nimeiona kwenye kitabu, mara moja.

Tulifanya kazi shambani kwa mjane mmoja, njia ya Kakontwe. Mimi nilivuta kisanduku cha rada kwa kamba kama mbuzi mkaidi. Profesa alifuata na kioo cha kuonyesha picha zake na betri ya gari. Kwenye mihogo kioo kilionyesha vimistari hafifu. "Mizizi," nilisema. Kisha, nyuma ya nyumba, ukatokea upinde mnene, mweusi.

"Kaburi," nilitangaza. "Tena la mfalme."

Profesa alisitasita, lakini mimi nilikuwa nimeshachukua chepeo na kuanza kuchimba. Mjane akatoka.

"Papa, weye unachimba nini pale?"

"Mama, hii ni sayansi. Ngoja kidogo."

Akangoja, mikono kiunoni. Chepeo ikagonga bati. Nikalinyanyua kwa heshima zote, na harufu ikanijibu kabla ya macho.

"Ile ilikuwa WC ya bwana yangu," mjane alisema. "Minye nilizani unajua, weye muntu ya masomo."

Profesa aligeuka upande, mabega yakimtetemeka. Mjane akaendelea, bila huruma: "Kama unatafuta mavi, kule kwa mihogo jembe yangu inagongaka mavi ya shaba kila mwaka."

Tulikwenda, maana mavi ya shaba ndiyo masalia yanayobaki shaba ikiyeyushwa. Ni palepale niliposema mizizi. Safari hii profesa alichimba mwenyewe, kwa mwiko wa mwashi, taratibu. Mimi nilibeba ndoo. Siku ya tatu likatokea tako la tanuru, udongo ulioungua mwekundu, na kando yake kipande cha bomba la udongo la kupitishia upepo wa mvukuto. Juu yake mfinyanzi alikuwa ameacha alama ya dole gumba.

Profesa alinipa nikishike. Nikaweka dole langu pale. Lilienea sawasawa.

"Unasemaje?" aliuliza.

Kwa mara ya kwanza tangu aje, nilimwambia, "Sijui. Niambie wewe."