Jumamosi Tuliyoimaliza Tukitafuta pa Kuegesha

Mume wangu hakuwahi kubuku mapema nafasi ya kuegesha kambini hata mara moja. Wiki nzima aliendesha lori, na kila saa kulikuwa na mtu kwenye simu akimwambia ashushe wapi na alale wapi. Kwa hiyo aliponunua RV kuukuu, gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, aliapa kwamba hilo hatapangiwa na mtu. Tukitoka nyumbani Cedar Hill, tunatoka tu. Miaka miwili ya kwanza nilipenda. Tulizunguka wiki tatu hadi milima ya New Mexico, tukilala popote tulipofika. Nasema hivyo nisije nikamwonea.

Kisha mama yangu akaja kutoka Nyeri kututembelea. Marekani nzima alitaka jambo moja tu: kumwona rafiki yake, mwalimu mwenzake wa miaka mingi, ambaye sasa aliishi Houston kwa bintiye. Yule bibi alikuwa ameanza kusahau. Bintiye ni nesi kama mimi, akanieleza wazi kwa simu: asubuhi anatambua watu, ikifika saa nane mchana anapotea. Tukakubaliana Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Ilikuwa wikendi ndefu ya sikukuu. Nikiwa kwenye mapumziko kazini nilifungua ukurasa wa kambi moja kaskazini mwa Houston, nikakuta zimebaki nafasi mbili. Nikampigia mume wangu. Alicheka, akasema nisimletee mambo ya ofisi nyumbani. Nikaufunga ule ukurasa. Hilo ni langu, simtwiki yeye.

Ijumaa jioni, tulipokaribia Houston, kambi ya kwanza ilikuwa imejaa, ya pili vilevile. Tukalala penye kituo cha malori, injini zikinguruma pande zote. Asubuhi nilidhani tutaenda moja kwa moja, lakini pale kwenye apatimenti zao RV hazikuruhusiwa kuingia, na mume wangu hakutaka kuiacha barabarani. Nikasema mimi na mama tuite teksi. Akasema tumekuja pamoja na tutafika pamoja, kutafuta kambi ya kuiegesha ni dakika ishirini tu.

Tukaenda kambi ya tatu, ya nne, na nyingine ya upande wa mashariki aliyoikumbuka kutoka safari zake za lori, tukakuta imegeuzwa uwanja wa kuuzia matrela. Kwenye kila lango tuliulizwa kama tumebuku. Kwenye kila lango alijibu kwa tabasamu lilelile. Kufikia adhuhuri miguu ya mama ilikuwa imevimba kwa joto. Yule binti alipiga simu mara tatu, na ya tatu sikuthubutu kuipokea.

Mama hakulalamika. Aliuliza mara moja tu kama Houston bado ni mbali. Tulikuwa tumeizunguka tangu asubuhi.

Mwishowe aliiacha RV barabarani vilevile, tukafika saa tisa. Binti alitueleza mlangoni kwamba mama yake alivaa tangu alfajiri, akakaa sebuleni na mkoba mapajani, akimtaja mama yangu kwa jina walilokuwa wakitaniana nalo shuleni, mpaka akachoka na kuanza kulia. Sasa alikuwa ametulia kwenye kiti. Mama alipiga magoti, na goti moja ni bovu, akamshika mikono yote miwili. Yule bibi akamtazama kwa adabu.

"Wewe ni wa hospitali?"

"Hapana," mama akasema. "Ni mimi."

"Basi niambie, binti yangu anakuja saa ngapi?"

Bintiye alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

Niliomba turudi kesho yake asubuhi. Binti akakataa, akasema hawezi kumngojesha tena.

Jioni ile mtu fulani alighairi safari yake, tukapewa nafasi yake kando ya ziwa. Mume wangu akashuka, akanyoosha mgongo. "Si niliwaambia tutapata?"

Nilingoja mama amwambie ukweli. Yeye akasema, "Asante kwa kutuendesha, baba." Kisha akaingia kulala bila kula.

Alirudi Nyeri mwezi uliofuata. Tukizungumza kwa simu humwulizia mume wangu afya yake, na kunikumbusha nimpikie vizuri. Habari za Houston hazitaji. Mume wangu angali anasafiri, siku hizi peke yake, na kila akifunga milango ya lile gari hunikaribisha twende naye. Mimi humwambia niko zamu.