Nyama Niliyoizika Murusagamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Ilikuwa Nyakahura, siku ya gulio, kwenye machinjio yaliyokuwa nyuma ya vibanda vya barabarani. Bwana Mifugo wa tarafa alinishika mkono akauzamisha kwenye kifua cha ng'ombe aliyekuwa bado na joto. "Tapika leo uyamalize," alisema bila hata kunitazama. "Kesho utatafuta tezi." Ninyi mnaonunua nyama ikiwa tayari kwenye mfuko chekeni tu. Mimi nilitamani kurudi kwetu nikalime maharage.

Watu hudhani mkaguzi wa nyama kazi yake ni kujua kinacholiwa. Hicho Biharamulo nzima inakijua: nyama, maini, figo, utumbo, ulimi, makongoro, hata mkia. Visivyoliwa navyo havina ubishi: nyongo, kibofu, pembe, kwato, ndama akikutwa tumboni. Ugumu uko kwenye kiungo kinacholiwa siku zote ila leo hakifai, na kwa macho kinang'aa kama kawaida. Hapo ndipo tulipotafuta tezi, vifundo vidogo vilivyojificha ndani ya mafuta, shingoni na kando ya mapafu, maana ugonjwa ukiingia huvimbisha hapo kwanza. Ini tulilipasua kwenye mirija ya nyongo na kuliminya, na minyoo bapa ikatoka kama majani ya chai yaliyolowa. Wanaosema ng'ombe hazeeki maini hawajaona niliyoyaona mimi. Nguruwe tulimkata misuli ya taya kutafuta tegu, punje nyeupe za mabuu ya mnyoo. Tukimaliza, kilicho kizuri kilipigwa muhuri wa zambarau, na kibaya kilikwenda shimoni, kikamwagiwa mafuta ya taa ili mbwa na binadamu wasikifukue. Nasema na binadamu kwa sababu niliwahi kuwakuta.

Wachinjaji walinibembeleza kila gulio. Kulikuwa na Msukuma mmoja mcheshi, mhamiaji wa kutoka Shinyanga, ambaye kila nikishika ini alijishika kichwa. "Bwana Nyama, kata hako kadogo tu! Huyu amekwisha kufa mara moja, unataka kumwua tena?" Nilicheka, nikakata kilichostahili, naye akanuna mpaka gulio lijalo. Ugenini lawama haikai sana.

Kutoka Nyakahura nilihamishiwa Ntobeye, chini ya Daktari wa Mifugo, mama mkali aliyenoa visu vyake mwenyewe. Huyo ndiye aliyenifundisha sheria ya kifua kikuu cha ng'ombe. "Ukikikuta mahali pamoja, ondoa pale, zika, mengine yaliwe," alisema. "Ukikikuta kwenye mapafu, mbavuni na kwenye ini, kimeshapita na damu. Hapo hakuna paja wala ulimi. Zika mnyama mzima."

Mama yangu alipozeeka niliomba kuhamia kwetu Murusagamba. Daktari alishika karatasi yangu muda mrefu. "Usiende kwenu," aliniambia. "Hapa unazika nyama ya watu. Kwenu utazika ya ndugu zako." Nilidhani hataki tu kupoteza mfanyakazi. Nilishikilia ombi langu, na hilo ndilo ninalolijutia hadi leo.

Kaka yangu Gervas ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alibeba ndizi kichwani hadi sokoni ili mimi nisome. Binti yake mkubwa, Edita, alipoposwa, kaka alitenga dume la rangi ya maziwa alilolifuga kwa mkono wake, na kila jirani alijua hilo ni la wakwe. Asubuhi ya harusi lilichinjwa pale nyumbani. Masufuria yalikuwa tayari jikoni, kuni zinawaka.

"Piga muhuri wako, mdogo wangu, uje unywe pombe," kaka aliniita akicheka.

Nilipasua mapafu. Yalikuwa na vijivimbe vigumu, na ndani yake usaha mkavu kama chicha la nazi. Niliomba kimoyomoyo viishie hapo. Nikageuza mbavu, navyo vimetapakaa upande wa ndani kama shanga. Nikakata tezi za ini. Navyo vimo.

"Kata kilichooza, utuachie mapaja," kaka alisema. Hakuwa akicheka tena.

"Kaka, kimesambaa mwili mzima."

"Kimesambaa wapi? Paja jekundu hili, hebu litazame!"

"Nalitazama, kaka. Hatuwezi kuwalisha watu."

"Wakwe wako njiani. Niwape nini, maharage?" Kisha akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mdogo wangu, nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu maishani. Nilichukua galoni la mafuta ya taa.

Wakwe walipewa ndizi, maharage na kuku waliookotwaokotwa kwa majirani. Mjomba wa bwana harusi alisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona harusi ya maharage. Kaka alisikia, akainamisha kichwa.

Hatukugombana, na afadhali tungegombana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Lakini hakunikaribisha chakula tena. Nikifika watu wanakula, yeye alinawa mikono akatoka nje. Mama alipofariki tulimzika pamoja, tukala mbali mbali. Nilipostaafu nilimpelekea beberu, akanirudishia na kamba yake. "Wewe unajua nyama isiyoliwa," alisema. "Mimi najua mtu wa kutokula naye."

Vijana huniuliza kama ningerudi siku ile ningefanya nini. Ningemwaga mafuta yale yale. Pale uani walikuwapo watoto wadogo na mama wajawazito, na mimi nilikuwa nimeona nilichoona. Ila ningekuwa nimebaki Ntobeye, mkaguzi mwingine angelizika dume lile, na kaka angemlaumu huyo mbele yangu usiku kucha tukinywa pombe pamoja.

Mwaka huu Gervas ametutoka. Msibani walichinja ng'ombe, na Edita, ambaye sasa ana watoto wakubwa, alinifuata nilipokaa na wazee.

"Baba mdogo, njoo umtazame ng'ombe kabla hatujagawa."

"Nimestaafu, mwanangu. Sina hata muhuri."

"Muhuri wa nini? Njoo utazame."

Nilipasua mapafu, nikageuza mbavu, nikakata tezi moja moja. Alikuwa mzima kabisa, safi. Edita akaninawisha mikono, akaniletea sahani ya ndizi na nyama, akakaa chini kuhakikisha ninakula.

Nilikula. Kilikuwa chakula changu cha kwanza katika ua ule tangu asubuhi ya harusi, na aliyepaswa kusema "karibu" tulikuwa tumemfukia saa chache tu zilizopita, nyuma ya migomba.