Mkono wa Malkia Ukutani

Usiniambie niliota. Niliyaona haya mchana kweupe, sufuria ya chai mkononi, na laiti ingekuwa ndoto.

Mume wangu alikuwa msimamizi wa ranchi upande wa Kajiado. Mzungu mwenye ranchi alipohama, alimwachia picha kubwa ya rangi ya mafuta: malkia wa Ulaya ya zamani, gauni la hariri la buluu, waridi mkononi, mashavu mekundu, nywele zimepakwa unga mweupe. Tukaitundika sebuleni kwetu Kitengela. Ilikuwa nzuri, sikatai.

Mimi ni Mkamba, nimeolewa tu Umaasaini. Huko mtoto humsalimia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, naye mkubwa hukigusa. Siku moja mume wangu akamtania binti yetu mdogo, "Wee Naserian, na hujasalimia koko yako?" Koko ndiye nyanya. Mtoto akainamia picha. Tulicheka, jamani! Ikawa mchezo wake kila akiingia ndani.

Sasa sikiliza. Alasiri moja nilitoka jikoni nikamkuta ameinama pale. Na mkono wa yule mwanamke, niamini, ule mweupe wenye lesi, ulikuwa nje ya fremu, umetulia juu ya kichwa cha mwanangu. Sufuria ikaniponyoka. Nilipotazama tena, mkono ulikuwa umerudi kwenye waridi.

"Mami, mkono yake iko baridi," Naserian akasema. Hajasema neno lingine mpaka leo.

Pale alipoguswa pameota nywele nyeupe. Hospitalini hawakuona ugonjwa. Pasta aliomba mpaka sauti ikamkauka. Baba Naserian aliichoma ile picha nyuma ya nyumba, huku analia. Ungedhani yameisha, sivyo? Kila jioni mtoto husimama mbele ya ukuta mtupu, huinamisha kichwa, na nywele zake hulala zenyewe, kama zimebonyezwa. Nikimwekea mkono wangu mimi, niliyemzaa, hunikwepa. Nimemlilia Mungu. Nimeupigia magoti hata ukuta wenyewe, nikamwomba huyo malkia anichukue mimi. Nifanye nini tena?

Wewe mwenye mtoto, nisikie. Usimwache ainamishe kichwa chake hata kwa mzaha, kwa mtu usiyejua kama atauondoa mkono.